Seva Zilizoganda Mkononi mwa Nasambu

Nicodemus Waliaula alikuwa mtu wa kufungua vitu. Ukimpa redio iliyoharibika ataitengeneza, lakini ukimpa redio nzima ndiyo ataifurahia zaidi, kwa sababu atataka kuona kwa nini ni nzima. Siku aliyofika kwenye matbaa yetu hapa Kisumu, mwaka wa tisini na tano, alikuwa ameshainama chini ya kaunta yangu kabla hajapewa kiti, akitazama waya wa kengele unatokea wapi. Nilimwambia kwamba huko chini ni mahali pa miguu yangu, atoke. Alitoka, akaomba radhi, kisha akaniuliza kama najua kengele ile inafanya kazi vipi. Mimi Seline, niliyekaa kwenye kaunta ile tangu ipakwe rangi ya kwanza, nilimjibu kwamba inabonyezwa nayo inalia.

Siku hizi ana duka lake dogo mtaa wa Mamboleo, na anaheshimika. Mteja akileta kompyuta iliyogoma, Waliaula haigusi kwanza. Humketisha mwenye kompyuta, akamwuliza polepole alikuwa akifanya nini. Watu husema fundi yule ana adabu. Adabu hiyo hakuja nayo kutoka kwao. Aliipatia kwetu, na haikumjia kwa urahisi.

Kwao ni upande wa Chwele, kwa Wabukusu, ambako baba yake alikuwa akitengeneza saa sokoni. Nicodemus alisomea umeme, kisha akaajiriwa na mradi mmoja wa wafadhili uliokuja kuhesabu samaki wa ziwa. Mradi ulipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada, mwenye matbaa yetu, Mzee Gordon, alinunua kompyuta mbili kubwa za kuhifadhia mafaili, zile zinazoitwa seva, pamoja na nyingine ndogo za kuchapia. Fundi aliyezifunga akapata kazi Nairobi akatuacha, ndipo Waliaula akaitwa. Tulimtania kwamba Mzee alinunua seva mbili akaongezewa Mbukusu mmoja bure. Alicheka sana, akauliza kama Mbukusu huyo alikuja na dhamana.

Matbaa yetu iliitwa Matbaa ya Nam, yaani ya ziwa, na ilikuwa karibu na barabara inayoteremka kwenda bandarini. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda za makanisa, lakini kilichotulisha hasa ni vijitabu vya mazishi. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima pawe na kijitabu chenye picha yake, maisha yake, nyimbo, na orodha ya jamaa, na orodha hiyo ndiyo inayomtoa mchapaji jasho. Kuna watoto, wake wa watoto, wakwe, na wazazi wa wakwe. Ukimwacha mmoja, msiba unageuka ugomvi, na ugomvi huo unaletwa kwangu kaunta. Mazishi mengi ni Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa matbaa ilijaa watu waliolia wakamaliza, na sasa wanataka karatasi.

Mkuu wa chumba cha wachapaji alikuwa Mama Dorca, mtu wa Kano, mwanamke mpana wa mwili na wa kumbukumbu. Yeye ndiye aliyebuni mpango wa kuwahifadhi marehemu ndani ya mashine. Kila marehemu alikuwa na folda yake, na folda hiyo iliwekwa chini ya mahali alipozikwa: Kano, Nyakach, Seme, Gem, Alego na kwingineko. Mpaka hapo mtu yeyote angeweza. Ujanja wa Mama Dorca ulikuwa kwenye milango. Mwanamke wa Kano akiolewa Alego, huzikwa Alego kwa mumewe, kwa hiyo folda yake ilikaa Alego. Lakini ndani ya folda hiyo Mama Dorca aliweka mlango, njia fupi ya kompyuta ambayo ukiigusa inakupeleka moja kwa moja Kano kwa baba zake. Mchapaji akifika kwenye orodha ya wakwe, hafungui mdomo kuuliza. Anapita mlangoni, anawakuta wakwe wote wameshaandikwa sawasawa kwenye vijitabu vya zamani, ananakili. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo nasema ulikuwa mzuri.

Seva ya kwanza ilipojaa, nusu ya folda zilihamishiwa ya pili. Kano na Nyakach wakabaki kwenye ile ya kwanza. Seme, Gem, Alego na wengine wakahamia ya pili. Waya mmoja mweusi ulipita meza kwa meza ukiunganisha mashine zote, na kila seva iliweza kuazima mafaili ya mwenzake kana kwamba ni yake. Wachapaji hawakujua wala hawakujali nani yuko kwenye seva ipi. Ukigusa mlango, unafika.

Kisha Nasambu akaletwa chumba cha wachapaji, na mashine zikaanza kuganda.

Nasambu naye alikuwa Mbukusu, wa Kimilili, lakini aliolewa na mtu wa Seme, Joram Ogola, aliyekuwa karani wa reli. Joram alifariki, na jamaa zake wakataka mke wake arithiwe na ndugu mmoja wa ukoo, kama ilivyo desturi. Nasambu alikataa. Hakukataa kwa kelele. Alisema asante, mimi ni mtu wa kanisa, nitalea watoto wangu. Tangu siku hiyo huko Seme hakufukuzwa, lakini hakukaribishwa pia. Alikuwa na chumba mtaa wa Manyatta, watoto wake, na kazi ya kushona vitabu kwetu. Mchapaji mmoja alipokwenda kujifungua asirudi, Mzee Gordon aligundua kwamba Nasambu alisomea upigaji chapa, akampa nafasi ile. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wengine wote. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwambia.

Haikuchukua muda mashine zikaganda mbele yake. Hakuna kishindo wala moshi. Herufi zinakataa kutokea, mshale haujongei, na kwenye meza zote wachapaji wanasikika wakisema ala, ala. Lazima seva zote mbili zizimwe na kuwashwa upya, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea, na mimi huko mbele nina watu wa msiba wanaonitazama. Ikatokea tena. Ikatokea tena. Kila ikitokea, ilikuwa mkononi mwa Nasambu. Akiwa amekwenda kanisani au ana mtoto mgonjwa, siku nzima hakuna kinachoganda. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa: haukuwa uzushi. Ilikuwa kweli.

Lisemwalo lipo, wakasema watu, na wakaanza kusema mengine. Kwa Dholuo, lugha yetu, kuna neno chira, yaani mkosi unaomfuata mtu aliyeruka desturi. Mjane ambaye hajamaliza mambo ya mumewe, wakasema, anashika picha za wafu kutwa nzima, mlitarajia nini? Waliokuwa wakimwazima kikombe waliacha kumwazima. Mama Dorca alimwambia usoni, na kwa hilo namheshimu kuliko wale wa pembeni.

“Nyathina,” alimwita, yaani mwanangu, “malizia maneno ya bwana yako kwanza. Hizi picha ni za watu.”

Nasambu aliendelea kuchapa, na mgongo wake ulikuwa umenyooka mno.

Mzee Gordon alisema yeye haamini chira. Aliamini wateja, na wateja walikuwa wameanza kwenda kwingine. Alimwita Waliaula mbele ya kaunta yangu, akamwambia kwamba ikifika Ijumaa ya juma hili la mazishi mashine zikiwa bado zinaganda mkononi mwa Nasambu, basi Nasambu ataondoka. Kushona vitabu hatarudi, kwa kuwa nafasi ile imeshapata mtu. Nilimwuliza Mzee huyo mwanamke ataenda wapi. Akasema Seline, mimi sina kanisa, nina matbaa.

Na Waliaula je? Waliaula alifurahi! Bado nasikia hasira nikikumbuka. Mwanamke wa kwao yuko karibu kufukuzwa kazi, naye macho yanang'aa kwa sababu amepata kitu cha kufungua.

Alianza na waya. Kila mwisho wa ule waya mweusi kulikuwa na kizibo kidogo cha chuma, na alitueleza kwamba kizibo kikilegea maneno yanagonga mwisho na kurudi nyuma, mashine zinachanganyikiwa. Alibadilisha vizibo vyote viwili. Zikaganda. Akahamia umeme, maana kila mtu anaujua umeme wa Kisumu alasiri. Akazipa seva njia yao peke yake kutoka kwenye swichi kuu. Zikaganda. Ndipo akafungua seva zenyewe, na ndani akakuta sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la vumbi, wamejaa wakavu mpaka kwenye mabati ya ndani. Alitoa kiganja kizima. Wote tulikuja kutazama, na kila mtu akapumua. Hata Mama Dorca alisema, kumbe ni sami tu. Waliaula alizisafisha kwa brashi ya rangi, akazifunga, na siku iliyofuata Nasambu alikaa chini, akagusa kibodi, na zikaganda.

Safari hii hakuna aliyesema ala. Walimtazama Nasambu tu.

Basi Waliaula akamgeukia yeye. Nataka nieleweke: hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshajaribu waya, umeme na wadudu, na mkono wa Nasambu ulikuwa kitu kinachofuata kwenye foleni. Alisema huenda ana umeme wa mwilini, maana kuna watu wakigusa sweta inatoa cheche. Akamhamisha kiti. Akampa kibodi ya Mama Dorca, na Mama Dorca akapewa ya Nasambu, na mkononi mwa Mama Dorca hakikuganda kitu. Akamwomba avue pete ya ndoa. Akamletea viatu vya mpira. Akamwambia kila mara kabla hajachapa aende aguse bomba la maji ukutani, ili kama kuna umeme utoke. Na yule mwanamke alivua, alivaa, aliinuka akagusa bomba akarudi akakaa, mbele ya wachapaji wote na mbele ya wateja waliokuwa wakichungulia. Waliaula alikuwa akitazama skrini muda wote. Nilitamani kumchoma na kalamu.

Zikaganda vilevile. Lakini mara hii alikuwa ameinama karibu kabisa na seva, na wachapaji walipotaka kuzima alinyanyua mkono wasizime. Kulikuwa na taa ndogo ya kijani pale waya ulipoingilia, nayo ilikuwa ikipepesa haraka haraka.

“Hizi hazijafa,” akasema. “Zinaongea.”

Sisi wote tulijua kwamba mashine iliyoganda ni mashine iliyokufa, kwa sababu ndivyo inavyoonekana. Yeye alichukua redio yake ndogo ya mfukoni, ile ya kusikilizia mpira, akaiweka kati ya stesheni mbili, mahali pasipo na mtangazaji, akaisogeza karibu na seva. Redio ikaanza kutoa mlio: vrr, tik-tik, vrr. Alitueleza kwamba kompyuta inapofanya kazi hutupa mawimbi, na redio inayanasa. Huelewi inasema nini, lakini unasikia kwamba inasema. Kisha akaja kaunta akaniambia mimi ninaimba sauti ya pili kanisani, nije nisikilize.

Niliinama, na ninakiri kwamba hasira yangu ilianza kupoa, kwa kuwa nilitaka kujua. Nikasikiliza vrr, tik-tik, vrr. Baadaye kidogo nikasikia vrr, tik-tik, vrr. Nikamwambia ni ubeti uleule. Unafika mwisho, unaanza upya, na haufiki amina.

Akazima na kuwasha vyote, na tukasikiliza watu wakifanya kazi ya kawaida. Redio ikatoa kila aina ya fujo, haikurudia hata mara moja. Waliaula akakaa sakafuni, amekumbatia magoti. Akasema kuna mahali seva hizi zinazunguka. Zimetumwa kitu, zinakitafuta, zinarudi palepale, zinaanza tena. Swali ni nani aliyezituma, na zilitumwa nini.

Hapo ndipo, baada ya waya, umeme, sami, kiti, pete, viatu na bomba, alipomgeukia Nasambu akamwuliza jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

“Mama, kabla igande, ulikuwa unafanya nini?”

“Natafuta,” Nasambu akasema.

“Unatafuta aje?”

“Naandika jina ya marehemu, halafu nabonyeza ile ya kutafuta. Si yule fundi wa kwanza aliiweka?”

Wachapaji wakatazamana. Ilikuwa kweli, fundi wa kwanza aliweka programu ya kutafuta: unaandika jina, nayo inapita folda zote mpaka imkute mtu. Alituonyesha siku moja, tukamshukuru, tukaisahau. Mama Dorca alishangaa waziwazi. Akamwuliza Nasambu kwa nini atafute, kwani hajui mtu yuko wapi?

“Nitajuaje, Mama? Mimi si wa hapa.”

Sijui kama msomaji ambaye si wa kwetu anaweza kuelewa jinsi jibu lile lilivyotushangaza. Mtu akija kaunta akasema anataka picha ya marehemu mama yake, Mama Dorca humwuliza jina la baba tu, na kabla hajamaliza kujibu ameshajua kwamba huyo ni binti wa Nyakach aliyeolewa Gem, nyumba ya pili, na mkono wake umeshafika kwenye folda. Hata mimi ni hivyo. Hatukujifunza popote, tulikua tukisikia mama zetu wakihesabu nani ameoa wapi. Nasambu aliishi mjini na mumewe, akawajua watu wa Seme wachache, basi. Wateja walipotaka picha ya zamani, na walitaka kila juma, yeye peke yake aliiomba mashine imtafutie. Hakutaka kutuuliza kila dakika, na baada ya maneno ya chira hakutaka kutuuliza kabisa.

Waliaula alikuwa amesimama. Alisema twende wenyewe, kwa mkono, njia ile ile ambayo mashine inapita, na mimi nimsomee majina. Tulikaa kwenye meza ya Nasambu. Tukafungua Kano. Ndani yake tukamkuta mama mmoja aliyezaliwa Alego, na ndani ya folda yake kuna mlango. Tukapita mlangoni, tukawa Alego. Kule Alego tukamkuta mama aliyezaliwa Kano, na mlango wake. Tukapita.

“Tuko wapi?” akaniuliza.

“Kano,” nikasema.

“Si tulitoka Kano?”

“Tumerudi.”

Alicheka mpaka akashika meza. Tukapita tena: Kano, Alego, Kano, Alego, na jina la njia juu ya skrini likazidi kurefuka mpaka likatoka nje ya ukingo. Na hiyo ilikuwa milango miwili tu. Kulikuwa na mamia, Gem kwenda Nyakach, Nyakach kwenda Seme, Seme kurudi Kano.

Mama Dorca hakuona cha kuchekesha. Alisema bila shaka ndivyo ilivyo. Sisi watu wa Kano tumeoa Alego, na Alego wametuoa sisi, tangu zamani. Waliaula alidhani watu wanaoa upande mmoja tu? Waliaula akamjibu kwa heshima kwamba mpango wake hauna kosa kwa binadamu. Mtu akiulizwa jamaa zake anajua pa kuishia. Mashine haijui. Ukiiambia itafute kwenye kila folda, inaingia kila mlango, na mlango unaipeleka kwenye milango mingine, na haichoki.

Nikamwuliza kwa nini basi kigande kila kitu, isigande meza ya Nasambu peke yake. Akafikiri, kisha akaeleza kwa namna ambayo hata mimi nilishika. Kila seva ina watumishi wachache wa ndani wa kupokea wageni na kuleta mafaili. Seva ya kwanza ikitaka kitu cha Alego, inamtuma mtumishi kwa jirani, na mtumishi huyo amekatazwa kurudi mikono mitupu. Anasimama mlangoni mpaka apewe. Seva ya pili nayo, ikitafuta cha Kano, inatuma wa kwake. Utafutaji ukizidi, watumishi wote wa huku wamesimama kule, na wote wa kule wamesimama huku, na hakuna aliyebaki nyumbani wa kufungua. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Mchapaji mwingine akija kuomba herufi moja tu, hakuna wa kumpa.

Mama Dorca akauliza kama maana yake ni kwamba milango itang'olewa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema hawezi kuwakata watu na wakwe zao kwa ajili ya mashine, na nilimwonea huruma. Miaka mingi ya kazi yake ilikuwa mle. Waliaula alimwuliza, kwa desturi yenu, mtu aliyekufa anatafutwa wapi?

“Mahali alizikwa,” akasema Mama Dorca. “Kwani atakuwa wapi tena?”

Na hiyo ndiyo ikawa dawa. Waliaula aliifungua programu ya kutafuta, akaiagiza ipite kila folda lakini isiingie mlango wowote. Kila mtu atafutwe alipozikwa. Milango ibaki kwa ajili ya binadamu, wanaojua pa kuishia. Alipomaliza alikuwa anatabasamu peke yake, anazunguka chumba akitafuta mtu wa kumweleza tena.

Ijumaa watu walijaa mpaka nje. Mzee Gordon alikuwepo, amekunja mikono, maana siku aliyoiweka ilikuwa imefika. Kulikuja familia kutoka Bondo, iliyofiwa na mama, wakitaka picha ya marehemu mume wake tuliyowachapia zamani ili wazee wawili wakae ukurasa mmoja. Mama Dorca, kwa mazoea, alishaanza kuinuka kwenda kuifungua. Mzee Gordon akamwambia akae. Akamwambia Nasambu atafute yeye, kwa njia yake.

Chumba kizima kiliacha kuchapa. Nasambu aliandika jina. Niliona amesita kidogo, akageuza macho kuelekea bomba la maji ukutani, halafu hakuinuka. Akabonyeza. Picha ya mzee wa Bondo, amevaa tai, ikatokea kwenye skrini kabla sijamaliza kumeza mate. Mzee Gordon akamwambia atafute mwingine. Akampata. Mwingine. Akampata. Kwenye meza ya pembeni mchapaji mmoja alijaribu kuandika herufi, na herufi zikatokea. Mzee Gordon akasema sawa, Nasambu abaki kazini, akarudi ofisini kwake, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Tulipiga makofi. Mama Dorca alivuka chumba, na ninajua ilimgharimu, maana hakuwa mtu wa kuvuka chumba kumwendea mdogo wake. Aliushika mkono wa Nasambu, akauinua ili wote tuone, watu wa msiba pia.

“Mkono yako iko safi,” akamwambia. “Leo mashine imesema.”

Nasambu aliuacha mkono wake pale ulipokuwa, ndani ya mkono wa Mama Dorca. Hakuwa amekasirika, alisema kwa sauti ya mtu anayesahihisha jina lililoandikwa vibaya.

“Ilikuwa safi hata kabla mashine iseme, Mama.”

Makofi yakaisha. Mama Dorca akamwachia polepole. Waliaula, aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi, aliangalia bomba la maji, kisha viatu vya mpira vilivyokuwa bado chini ya meza, na tabasamu likamtoka. Nasambu alivuta kiti chake, akawageukia watu wa Bondo, akawauliza marehemu mama yao alizaliwa wapi, apate kumwekea mlango wake.